Kuku Anaharisha, Anakonda, Anajikuna: Tafuta Chanzo Kabla ya Kufungua Chupa ya Dawa

Mfugaji akiingia duka la dawa za mifugo na kusema tu "kuku wangu wanaharisha", mara nyingi hutoka na vitu vitatu: antibiotiki ya unga, vitamini na dawa ya minyoo. Jioni vyote vinaingia kwenye maji ya kunywa. Kuku wakipona, hajui ni kipi kilichowaponya. Wasipopona, siku kadhaa zimepotea, na mayai yaliyotagwa katika siku hizo yameshakwenda dukani kwa trei.

Mayai hayo ndiyo sababu ya mwongozo huu. Vimelea vingi vya kuku haviwezi kuishi ndani ya mwili wa binadamu. Koksidia ya kuku, kimelea cha kuhara damu, hubaki kwa kuku, na minyoo mirefu ya utumbo wa kuku hali kadhalika. Kinachomfikia mlaji mara nyingi ni dawa iliyomwagwa bila kujua inapambana na nini, au bakteria waliotapakaa wakati wa kuchinja ndege mgonjwa. Kipo kimelea kimoja muhimu kinachovuka hadi kwa mtu kupitia nyama yenyewe, nacho ni toksoplasma. Hicho hakina dalili utakayoiona bandani, kwa hiyo nimekiwekea nafasi yake mwishoni.

Kwanza hakikisha ni vimelea

Vimelea kwa kawaida hudhoofisha kundi taratibu. Koksidia kwa vifaranga ndiyo inayoweza kuua kwa kasi. Kama jana kuku walikuwa wazima na asubuhi hii umeokota mizoga mingi ya kuku wakubwa, weka kando wazo la minyoo. Shingo kupinda, miguu kupooza, kinyesi cha kijani, uso kuvimba, upanga wa kichwani kuwa wa zambarau: hizo ni dalili za mdondo, ambao pia huitwa kideri, au hata za mafua makali ya ndege. Hapo usichinje waliobaki ili "kuokoa hasara", usipasue mzoga, usiuze, usimpelekee jirani. Funga banda na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kinga ya mdondo ni chanjo. Ile ya I-2 ya matone ya jicho, inayotengenezwa Kibaha, huvumilia joto vizuri kuliko chanjo nyingine na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Jambo la pili ni kukijua kinyesi cha kuku mzima, maana dawa nyingi hununuliwa kwa sababu ya kinyesi ambacho hakina tatizo. Kuku ana vifuko viwili kwenye mwisho wa utumbo, na mara chache kwa siku vifuko hivyo humwaga kinyesi laini cha rangi ya chokoleti, chenye kunata na kunuka sana. Hicho ni cha kawaida. Vipande vidogo vya ngozi ya utumbo vyenye rangi ya machungwa, vikionekana mara moja moja, navyo ni vya kawaida. Kinachopaswa kukuamsha ni mabadiliko ya kundi: vinyesi vingi vya namna moja kwa wakati mmoja, pamoja na kuku kujikunyata, manyoya kusimama, mabawa kushuka na chakula kubaki kwenye vilishio.

Damu kwenye kinyesi cha vifaranga

Vifaranga wa wiki tatu hadi sita wakianza kutoa kinyesi chenye damu, mshukiwa wa kwanza ni koksidia, ugonjwa ambao wafugaji huuita kuhara damu. Vimelea vyake ni vya jenasi ya Eimeria, na kwa kuku aina zinazojulikana zaidi ni saba. Kila aina ina mahali pake kwenye utumbo. Ile inayotoa damu nyingi zaidi hushambulia vile vifuko viwili vya mwisho, na nyingine kali hukaa katikati ya utumbo mwembamba. Nyingine hazitoi damu kabisa: utaona tu maji maji meupe au ute wa rangi ya machungwa, kuku wa nyama wasiofikia uzito, na wauzaji wa chakula wakilaumiwa bure.

Kwa hiyo kutokuwepo kwa damu hakumaanishi hakuna koksidia. Njia ya uhakika ni kumpasua kifaranga aliyekufa muda mfupi uliopita, au kupeleka kinyesi maabara.

Kama vifo si vya ghafla na unataka kuangalia mwenyewe, fanya hivi. Vaa glavu, tandika mfuko wa chakula uliotumika, na uwe mbali na jiko na kisima. Kata ngozi ya tumbo chini ya kidari, fungua, kisha ufuate utumbo kuanzia firigisi hadi mwisho. Utazame kwanza kwa nje kabla ya kuukata. Michirizi meupe iliyolala kwa kukatiza kwenye sehemu ya kwanza ya utumbo, mara tu baada ya firigisi, ni ya aina moja ya koksidia. Utumbo wa katikati uliovimba kama puto, wenye vidoa vyeupe na vyekundu vinavyoonekana hata kabla ya kuukata, ni wa aina nyingine, mbaya zaidi. Vifuko vya mwisho vikiwa vimejaa damu mbichi, au donge gumu la jibini lenye damu iliyokauka, jibu umeshalipata. Piga picha, funga mzoga, uteketeze au uzike kwenye shimo refu lenye chokaa. Usimtupie mbwa wala paka. Sababu yake tutaifikia.

Kisha uliza swali ambalo dawa haiwezi kulijibu: unyevu unatoka wapi? Kinyesi kinapotoka na mayai ya koksidia, mayai hayo hayana uwezo wa kuambukiza mpaka yakomae nje ya mwili, na yanahitaji unyevu, hewa na joto. Kwenye nyuzi 25 hadi 30, yaani hali ya hewa ya kawaida ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, siku moja hadi mbili zinatosha. Kifaranga anayameza anapodonoa maranda, na ndani ya takriban wiki moja yeye naye anamwaga mapya kwa maelfu. Shika maranda yaliyo chini ya kinywesheo na uyakamue. Yakishikana na kubaki donge, umepata chanzo. Kinywesheo kimewekwa chini mno na vifaranga wanakanyaga maji, paa linavuja, banda limejaa kupita kiasi, au maranda hayajageuzwa tangu vifaranga wafike. Inua vinywesheo viwe usawa wa mgongo wa ndege, toa maranda yote yaliyolowa, weka makavu, punguza idadi.

Dawa za kawaida za kuua vijidudu za kunyunyizia banda haziyaui mayai ya koksidia. Yana ganda gumu. Kinachoyamaliza ni ukavu na joto, na amonia kali kwa banda lililo tupu. Mfugaji anayemwaga dawa ya kuoshea sakafu na kurudisha maranda yale yale anapoteza fedha.

Dawa ya kuku wagonjwa inayopatikana zaidi ni amproliamu. Inafanya kazi kwa kuinyima koksidia vitamini B1, kwa hiyo vitamini yenye B1 ikichanganywa kwenye ndoo hiyo hiyo inaitegua dawa. Mpe vitamini baada ya kumaliza dozi. Dawa za salfa nazo zinafanya kazi, lakini hupita kwenye mayai na lebo zake nyingi zinakataza kuku wanaotaga. Vifaranga wagonjwa hupoteza hamu ya kula lakini huendelea kunywa, ndiyo maana dawa ya maji inafaa kuliko ya chakula. Ondoa vyanzo vingine vyote vya maji, la sivyo watakunywa kwenye dimbwi la nje.

Kundi likipona, usitarajie banda lisilo na koksidia hata moja. Kuku wanaokutana na vimelea kidogo kidogo hujenga kinga, na kinga hiyo ni ya aina ile waliyokutana nayo tu. Ugonjwa ukirudi tena na tena kwa kundi lilelile licha ya maranda makavu, peleka sampuli maabara na uulize pia kuhusu Gumboro na Mareki, kwani yote mawili hubomoa kinga ya mwili na kuipa koksidia mlango.

Tahadhari moja kwa wenye punda au farasi nyumbani: vyakula vya kuku wa nyama vilivyotiwa dawa za kukinga koksidia za kundi la monensini na salinomisini ni sumu kali kwao. Mabaki ya chakula cha kuku yasiwekwe kwenye hori lao. Salinomisini ni sumu kwa bata mzinga pia.

Anakula vizuri lakini anakonda

Shika kuku na upapase kidari. Mfupa ukiwa umechongoka kama kisu na nyama pembeni imekwisha, ilhali kuku anakula, fikiria minyoo. Upanga hupauka, utagaji hushuka, na kuku wadogo huathirika zaidi ya wakubwa, kwani wakifikisha miezi mitatu hivi kinga yao huanza kuimarika.

Ukimpasua, mnyoo mkubwa hutambulika mara moja: mweupe hadi manjano, mnene kidogo, wa urefu wa sentimita 5 hadi 12, ndani ya utumbo mwembamba. Wakiwa wengi huziba utumbo. Kwenye vile vifuko viwili vya mwisho utakuta wengine wadogo wa sentimita moja hivi. Hawa kwa kuku si hatari sana, ila hubeba kimelea kingine kinachoua bata mzinga. Minyoo bapa, yaani tegu, hushikilia ukuta wa utumbo na huonekana kama utepe wa vipande vipande. Wakati mwingine huacha vinundu vigumu vinavyofanya watu wadhani ni kifua kikuu cha ndege. Minyoo mingine ni myembamba kama unywele, na huioni mpaka usuuze utumbo kwenye maji safi ndani ya chombo cheusi.

Sababu ya kutofautisha ni kwamba dawa hazilingani. Piperazini humtoa yule mnyoo mkubwa tu. Haimgusi tegu, wala wadogo wa vifuko vya mwisho. Levamisoli hutoa minyoo mingi ya mviringo lakini si tegu. Tegu huhitaji prazikwanteli au dawa ya namna hiyo. Kwa hiyo mfugaji anayesema "nimewapa dawa ya minyoo mara mbili na bado wanakonda" huenda hana dawa mbovu. Ana tegu, na amekuwa akinunua piperazini.

Tegu hawezi kupita moja kwa moja kutoka kuku hadi kuku. Lazima apitie kwa sisimizi, mende wa samadi, nzi, konokono au konokono uchi, kutegemea aina yake. Kuku wa kienyeji wanaochakura huyapata hayo kila siku, na wale wanaofungiwa huyapata kwenye samadi iliyorundikwa ukutani mwa banda. Ondoa rundo hilo. Mnyoo mkubwa yeye hupita kwa mayai yaliyo ardhini, ambayo huiva kwa wiki mbili hivi na kudumu muda mrefu kwenye udongo wenye kivuli na unyevu. Dawa haiyafikii mayai yaliyo ardhini. Kuku akirudishwa kwenye uwanja ule ule, miezi miwili baadaye hali ni ile ile. Kama una nafasi, gawa uwanja mara mbili na uupumzishe upande mmoja. Kama huna, fagia mahali wanapolala kila siku, maana kinyesi kingi cha siku nzima hudondoka usiku.

Usiwachanganye vifaranga na kuku wakubwa kwenye sakafu moja. Najua kwa kuku wa kienyeji hili ni gumu, lakini hata uzio mdogo wa wavu kwa wiki nane za mwanzo hubadilisha hesabu ya vifo.

Bata mzinga mwenye kinyesi cha manjano ya kiberiti

Hili ni fupi na ni zito. Bata mzinga aliyezubaa, mwenye kinyesi cha manjano makali, na akipasuliwa ini lina mabaka ya mviringo yaliyobonyea, ameshikwa na kimelea kinachosafiri ndani ya mayai ya ile minyoo midogo ya kuku. Tiba iliyo halali kwa ndege wa kuliwa ni ngumu kupatikana. Suluhisho ni kutofuga bata mzinga na kuku pamoja, wala kuwaweka bata mzinga kwenye uwanja uliokuwa wa kuku.

Kukohoa na kunyoosha shingo akitafuta hewa

Kabla ya kusema mafua, fungua mdomo wa ndege na umulike koo kwa tochi. Minyoo myekundu iliyounganika dume na jike kwa umbo la herufi Y, ikiwa imeng'ang'ania ndani ya koromeo, huleta kukosa hewa hasa kwa kuku wadogo waliochakura nyungunyungu baada ya mvua. Kama koo ni safi, lakini kuna makamasi, uso umevimba na kundi zima linapiga chafya, tatizo liko kwingine na dawa ya minyoo haitasaidia.

Mayai yamepungua, upanga umepauka, na usiku hawatulii

Hapa wafugaji wengi huanza na chakula. Mimi ningeanza na tochi saa tatu usiku.

Utitiri mwekundu hunyonya damu usiku na mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, chini ya vichanja, kwenye masanduku ya kutagia na kwenye misumari. Mchana ukimshika kuku hutaona kitu. Usiku ukipitisha karatasi nyeupe chini ya kichanja utaona vidoa vyekundu na vya kijivu vinavyotembea. Katika joto, kizazi kipya hukamilika kwa wiki moja hivi, na utitiri waliokomaa wanaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo kuacha banda tupu kwa wiki mbili hakutoshi. Anayekusanya mayai akianza kuwashwa mikono na shingo, hiyo nayo ni dalili, maana utitiri huwauma watu pia.

Chawa ni tofauti: wanaishi juu ya kuku muda wote. Tenganisha manyoya karibu na sehemu ya haja utawaona wakikimbia, na mayai yao yameganda kwa mafungu kwenye mashina ya manyoya. Viroboto wale wanaong'ang'ania, weusi, hujipanga kwenye upanga, kwenye ndevu na kuzunguka macho, na hawaruki ukiwagusa. Papasi hujificha ukutani mwa mabanda ya udongo na miti, hunyonya usiku, na huweza kuleta homa inayoua kuku wenye afya. Magamba ya miguu yaliyoinuka na kuwa na ukoko mweupe ni kazi ya utitiri mwingine unaochimba chini ya gamba. Miguu hiyo huoshwa kwa sabuni na brashi laini, kisha hupakwa mafuta mazito mara kwa mara mpaka magamba yaanguke.

Matibabu yanafuata makazi. Kwa chawa, unatibu kuku, kisha unarudia baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Kwa utitiri mwekundu na papasi, unatibu banda: ng'oa vichanja, vianike juani au uvimwagie maji yanayochemka, ziba nyufa kwa udongo au saruji, choma nyasi za viota. Sanduku la majivu yaliyochanganywa na mchanga mkavu huwapa kuku mahali pa kuoga vumbi na hupunguza chawa bila mabaki yoyote kwenye yai.

Dawa imeingia, yai linakwenda wapi?

Wapo wanaowapaka kuku dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi. Wapo wanaowanyunyizia dawa ya kuogeshea ng'ombe, au kuwadondoshea ivermectini ya sindano. Chawa hufa kweli. Tatizo ni kwamba nyingi za dawa hizi huyeyuka kwenye mafuta, na mafuta ya yai yako kwenye kiini.

Kiini hukua kwa kasi katika siku takriban 10 za mwisho kabla ya yai kutagwa, na ndani ya mtetea mmoja kuna viini kadhaa vinavyokua kwa pamoja, kila kimoja katika hatua yake. Dawa iliyo kwenye damu leo inaingia katika vyote. Kwa hiyo yai la kesho lina dawa, na la wiki ijayo lina dawa, hata kama kuku anaonekana mzima na yai halina harufu wala rangi tofauti. Kuchemsha yai hakuna uhakika wa kuiondoa.

Ulaya iliona jambo hili kwa ukubwa mwaka 2017. Mabanda ya kuku wa mayai Uholanzi yalinyunyiziwa dawa ya utitiri mwekundu iliyonadiwa kuwa ya mimea, ya mentholi na mkaratusi, kumbe ilikuwa imechanganywa na fipronili, dawa ya viroboto vya mbwa na paka isiyoruhusiwa kwa wanyama wa kuliwa. Julai mwaka huo Ubelgiji iliarifu Tume ya Ulaya. Mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani katika nchi nyingi na mashamba yakafungwa. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa kwenye yai kilikuwa miligramu 0.005 kwa kilo. Utitiri wenyewe usingemdhuru mlaji hata mmoja.

Nchi zetu zina maabara chache za kupima mabaki ya dawa kwenye yai la mfugaji mdogo, kwa hiyo ulinzi wa kweli wa mlaji uko kwenye daftari lako. Andika jina la dawa, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na muda wa kusubiri kabla ya kula au kuuza ulioandikwa kwenye lebo, kwa nyama na kwa mayai, maana mara nyingi haulingani. Hesabu huanza siku ya mwisho ya kutoa dawa, si ya kwanza. Lebo ikisema isitumike kwa kuku wanaotaga, hakuna idadi ya siku utakayoibuni wewe. Lebo ikiwa imefutika au imeandikwa kwa lugha usiyoisoma, mrudishie mwenye duka na uombe nyingine. Kuongeza dozi "ili ifanye kazi haraka" hurefusha mabaki. Kupunguza dozi ili dawa itoshe kuku wengi hulea usugu, na dawa za koksidia zina historia ndefu ya kushindwa namna hiyo.

Mayai ya kipindi hicho hufukiwa. Inauma, hasa kwa mama aliyekopa kwenye kikundi ili anunue kuku. Ndiyo maana kujua ugonjwa kabla ya kutoa dawa ni nafuu: ukijua ni utitiri wa kwenye nyufa, unamwagia vichanja maji yanayochemka na mayai yanaendelea kuuzwa.

Umevunja yai, kuna kitu ndani

Uzi mweupe uliosokoteka unaoshikilia kiini si mnyoo; ni sehemu ya yai na huonekana zaidi likiwa bichi na safi. Tone la damu juu ya kiini hutokana na mshipa mdogo uliopasuka wakati kiini kinatoka, nalo halina ugonjwa. Mara chache sana mnyoo halisi hupotea njia kutoka sehemu ya haja, akapanda kwenye mrija wa mayai na kufungwa ndani ya ganda. Mnyoo huyo hawezi kuishi ndani ya mtu, lakini yai hilo litupwe, na kundi lililolitaga lina minyoo mingi kuliko unavyofikiri. Kapime kinyesi chao. Chukua kinyesi kibichi cha asubuhi kutoka sehemu kadhaa za banda, weka kwenye mfuko safi, kiwe kwenye ubaridi, kifike maabara siku hiyo. Mtaalamu hukiloweka kwenye maji ya chumvi nzito. Mayai ya minyoo na ya koksidia huelea, naye huyahesabu kwa hadubini. Mikoani ulizia vituo vya Wakala ya Maabara ya Veterinari, au chuo kikuu cha Sokoine kama uko karibu na Morogoro. Kenya zipo maabara za Kabete.

Kuchinja, jiko, na kimelea kisicho na dalili

Kuku mgonjwa asichinjwe kwa ajili ya kula. Utumbo wenye vidonda hupasuka kirahisi wakati wa kutoa matumbo, na kinachomwagika juu ya nyama ni bakteria wa salmonela na kampilobakta, ambao huwafanya watu wengi zaidi waugue kuliko kimelea chochote cha kuku. Kwa sababu hiyo hiyo, usimwoshe kuku mbichi chini ya bomba linaloruka maji kila upande karibu na sahani ya kachumbari. Ubao uliokatia kuku ukatiwe vitunguu baada tu ya kuoshwa kwa sabuni na maji moto, au uwe na ubao mwingine.

Sasa toksoplasma. Paka anayekula panya au nyama mbichi yenye kimelea hiki hutoa mamilioni ya mayai yake kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu. Mayai hukomaa kwa siku moja hadi tano na kudumu kwenye udongo wenye unyevu kwa miezi mingi. Kuku wa kienyeji anayedonoa uwanjani huyameza, kisha kimelea hujifungia kwenye misuli, ubongo na moyo wake. Kuku ananenepa, anataga, anasafiri vizuri kutoka Singida hadi Dar es Salaam. Mkaguzi wa nyama hawezi kuona kitu kwa macho. Mtu mwenye afya akila nyama hiyo isiyoiva huenda asijue kabisa, au apate homa na tezi kuvimba. Mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, na mtu ambaye kinga yake imeshuka, hasa anayeishi na VVU bila dawa, anaweza kuugua ubongo.

Moto unakimaliza. Kimelea chenyewe hufa joto la nyama likizidi nyuzi 67, na kwa nyama ya ndege lengo linalopendekezwa ni nyuzi 74 katikati ya sehemu nene, kwa sababu ya bakteria. Kuku wa kienyeji wa supu aliyechemka saa nzima hana shida. Wasiwasi wangu uko kwenye mishikaki ya mioyo na firigisi inayogeuzwa mara mbili juu ya mkaa, na paja lililokaangwa kwenye mafuta makali hadi likawa jeusi nje huku ndani bado ni laini na baridi. Rangi hudanganya: wekundu karibu na mfupa wa kuku mchanga wa nyama unaweza kutoka kwenye uboho hata ikiwa imeiva. Muuza kuku wa kukaanga anayehudumia watu kila siku anapaswa kuwa na kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama. Kugandisha kwa siku kadhaa kwenye baridi inayozidi nyuzi 12 chini ya sifuri hupunguza toksoplasma, lakini bakteria hubaki hai.

Paka wa stoo ana kazi yake dhidi ya panya na hakuna haja ya kumfukuza. Usimpe utumbo na vichwa vibichi vya kuku, uvichemshe kwanza. Funika chakula cha kuku na mchanga wa kuogea vumbi ili asivifanye choo. Mjamzito katika nyumba ya mfugaji asipewe kazi ya kunyonyoa na kupasua kuku, wala ya kuzoa kinyesi cha paka. Kama hakuna mwingine wa kuifanya, avae glavu, asijishike uso, na anawe kwa sabuni hadi viwikoni kabla ya kugusa chochote kitakacholiwa kibichi.